Chuma Kilichong'oka Bafuni

Walimwita Mama Vifungo kwa sababu ujana wake wote aliumalizia kwenye cherehani, na hata vidole vilipokakamaa hakuweza kumwona mtu mwenye kifungo kilicholegea akanyamaza. Wageni waliokuja kuwaona wazazi wao katika makao yale ya wazee walishamzoea. Ukimpa shikamoo, anakuitikia marahaba huku macho yake yako kwenye shati lako, kisha anakuambia, "Mwanangu, hicho cha pili kutoka juu kinakuaga." Wakacheka, naye akacheka, na siku ikapata pa kuanzia.

Hakuja pale kwa kupenda. Kiharusi kilimpiga upande wa kushoto, akaanguka katika chumba chake cha kupanga, akalala sakafuni mpaka jirani alipohisi kimya kimezidi. Mwanawe wa pekee alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kulala njiani kuliko kitandani. Alimleta mwenyewe, amebeba begi la mama kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, akatia saini karatasi alizopewa bila kuzisoma. "Mama, huku kuna watu wa kukuangalia," alimwambia. "Hutaanguka tena." Mama Vifungo akamwitikia kwa kichwa, maana aliona akisema neno wote wawili watalia mbele ya wageni.

Chumba alichopewa kilikuwa na vitanda viwili, pazia katikati, dirisha lililotazama uani kwenye kamba za kuanikia shuka, na bafu dogo la marumaru nyeupe. Kitanda cha pili kilikuwa cha mwanamke mmoja mwembamba aliyefundisha hesabu mpaka akastaafu. Pale kila mtu, kuanzia wapishi hadi daktari, alimwita Mwalimu. Mwalimu alitaka dirisha wazi, Mama Vifungo alitaka lifungwe. Mwalimu alimsahihisha kila aliposema vibaya, na Mama Vifungo akawa anakosea makusudi ili amwone anavyokunja uso. Kwa namna hiyo wakawa marafiki.

Msimamizi wa makao alikuwa mwanamume nadhifu, kola yake haijui jasho. Ukimweleza kwamba bomba linavuja, alisema, "Usijali." Ukimweleza kwamba dawa zimechelewa, "Usijali, mama." Wazee wakampa jina, Bwana Usijali, wakawa wanalitumia akiwapa mgongo. Ndiye aliyeamuru kengele za vyumbani zizimwe mchana, kwa kuwa zilikuwa zinawakera wageni. Alisema mchana wahudumu wako kila mahali, hakuna haja ya kengele. Wahudumu wenyewe walikuwa wachache, wanakimbia huku na kule wamebeba beseni na shuka.

Asubuhi moja Mama Vifungo alikuwa bafuni, akanyoosha mkono wa kulia, ule mzima, kushika chuma cha ukutani ili ainuke. Chuma kikacheza mkononi mwake kama jino bovu. Vumbi la plasta likamdondokea mguuni. Alibaki pale, hajakaa wala hajasimama, anaogopa kukiachia na anaogopa kukishika. Alipofanikiwa kutoka, alimwita mhudumu wao, msichana mmoja waliyemwita Mrefu kwa sababu aliinama kila alipopita mlangoni.

"Mjukuu wangu, kile chuma kinatoka. Kitaua mtu."

Mrefu aliingia, akakitikisa, akatoka uso umembadilika. "Namwambia msimamizi sasa hivi, bibi."

Akaenda kweli. Alirudi akasema ameambiwa wasijali, fundi ataitwa. Siku zikapita, fundi hakuonekana. Wale wanawake wawili wakawa wanaingia bafuni kwa zamu, mmoja ndani na mwingine nje ya mlango akiuliza kila mara, "Upo?" na aliye ndani akijibu, "Nipo." Mwalimu alisema kwamba katika maisha yake hajawahi kuitwa mahudhurio mara nyingi kiasi hicho. Walicheka, lakini kila aliyetoka mle alitoka na kijasho chembamba.

Siku ilipotokea, walikuwa wametoka kunywa chai. Mwalimu alibonyeza kengele ya kitandani akitaka mtu wa kumsindikiza, maana magoti yalikuwa yanamuuma tangu alipoamka. Hakuja mtu. Akabonyeza tena.

"Umesahau zimezimwa?" Mama Vifungo alimwambia. Yeye alikuwa amekwisha kulazwa kitandani, miguu imefunikwa, fremu yake ya kutembelea imeachwa mbali karibu na mlango. "Ngoja tupige kelele."

Walipiga kelele. Korido ilikuwa kimya, wahudumu walikuwa jikoni wakigawa chakula cha wagonjwa wa kitandani.

"Mwenzangu, siwezi kungoja zaidi," Mwalimu alisema kwa sauti ndogo. "Nitaaibika."

Aliingia. Mama Vifungo alimsikia akivuta mlango, akasikia mkono wake ukipapasa ukutani. "Upo?" akamwuliza.

"Nipo."

Halafu ikaja sauti ya chuma kikigonga marumaru, na mara moja nyuma yake kishindo kizito, laini, kishindo ambacho mtu akikisikia hahitaji kuambiwa ni cha nini.

"Upo?"

Hakujibiwa. Mama Vifungo alijitupa ubavuni mwa kitanda, mguu wa kushoto ukamgomea. Alibonyeza kengele ile ile aliyojua ni bubu, akaibonyeza na kuibonyeza mpaka kidole kikamuuma. Aliita mpaka sauti ikakwaruza. Kutoka bafuni alianza kusikia pumzi fupi fupi, kama za mtu anayepuliza moto usiowaka. Aliogopa zisije zikakatika. Akawa anahesabu kila moja, akiiomba inayofuata ije.

Mrefu ndiye aliyetokea, na hakuja kwa kuitwa. Alikuwa anapita na shuka. Alitazama bafuni, shuka zikamwanguka mikononi, akapiga ukelele uliowaleta wengine wote.

Nyonga ya Mwalimu ilikuwa imevunjika. Walimtoa kwa machela, macho amefumba, mdomo umekuwa mweupe. Alipopitishwa karibu na kitanda cha mwenzake alisema neno moja tu: "Chuma."

Mchana wa siku hiyo hiyo fundi aliyesubiriwa siku zote alitokea. Mama Vifungo alijifanya amelala. Kupitia mwanya wa pazia alimwona Bwana Usijali amesimama mlangoni mwa bafu na koti lake mkononi, akimhimiza. Ukuta ukatobolewa, vumbi likafagiwa, chuma kipya chenye kung'aa kikafungwa, na kile cha zamani kikatiwa kwenye gunia, fundi akatoka nacho. Kabla jua halijainama kengele nazo zilikuwa zinalia vyumba vyote. Ungeingia wakati ule ungeapa kwamba hapakuwahi kuharibika kitu mahali pale.

Kesho yake Bwana Usijali alikuja na kiti, akakaa karibu kabisa na kitanda cha Mama Vifungo.

"Pole sana, mama. Najua Mwalimu alikuwa rafiki yako."

"Bado ni rafiki yangu. Hajafa."

"Kweli, kweli." Alitabasamu. "Watu wanaweza kuja kukuuliza maswali. Sitaki wakusumbue. Wewe wakati ule ulikuwa umelala, sivyo?"

"Sikuwa nimelala."

"Umri, mama, una mambo yake. Mrefu ananiambia juzi ulimwita kwa jina la dada yako marehemu."

Ilikuwa kweli.

"Si jambo la kuona haya," yule mwanamume aliendelea, akimnyooshea shuka taratibu, kama mtoto mwema kwa mzazi wake. "Ila daktari akiona kumbukumbu imeanza kukuchezea, itabidi tukuhamishie jengo la nyuma. Kule mlango unafungwa kwa nje, kwa usalama wenu. Pumzika. Usijali."

Jengo la nyuma kila mzee alilijua. Madirisha yake yalikuwa juu sana, na waliopelekwa huko hawakurudi kukaa uani. Mama Vifungo alikuwa amewahi kuwasikia wakigonga mlango, bila hasira, kama watu waliosahau kwa nini wanagonga.

Tangu hapo hofu ikawa inakula naye na kulala naye. Mhudumu akimbeba kumpeleka kuoga, alimtazama usoni ajue kama ametumwa kumwachia aanguke. Chai ikiletwa baridi, alijiuliza kama ni adhabu. Dawa zikibadilishwa rangi, alizificha shavuni mpaka mhudumu atoke. Kile chuma kipya hakukigusa; alishika ukingo wa sinki, unaoteleza, na kila mara alisikia masikioni kile kishindo. Lililomtisha kuliko yote lilikuwa ndani ya kichwa chake. Je, kama yule mwanamume anasema kweli? Kama yote aliyaota? Alianza kujipima. Alitaja majina ya wateja wake wa zamani, rangi ya nguo alizowashonea. Alipokwama kwenye jina moja, alikaa amejikunyata chini ya blanketi, meno yanagongana na jua linawaka nje.

Binti yake Mwalimu, mwanamke mnene mwenye saluni yake, alikuja kuchukua nguo za mama yake. Alimwuliza, "Mama, ilikuwaje?" Mrefu alikuwa anatandika kitanda cha pili, na mlangoni kulikuwa na kivuli cha mtu aliyesimama bila kuingia. Mama Vifungo akasema, "Sijui, mwanangu. Nilikuwa nimelala." Binti akamshika mkono, akamshukuru, akaondoka. Mama Vifungo aligeukia ukuta, akakaa hivyo mpaka taa zilipowashwa.

Alimweleza mwanawe alipopita kumwona, gari lake limeegeshwa nje. Dereva alisikiliza akizungusha funguo kidoleni. Kisha akauliza swali ambalo mama alikuwa akiliogopa.

"Mama, wakikutoa hapa, nitakupeleka wapi? Mimi silali nyumbani."

"Najua, mwanangu."

"Basi nyamaza tu. Tafadhali."

Wiki hazikupita nyingi daktari wa makao akaja na maswali yake. Amtajie mwezi. Achore saa. Akumbuke vitu alivyotajiwa. Mama Vifungo alijibu kwa taabu, kwa kuwa mtu akiogopa kusahau ndipo anaposahau. Daktari aliandika, akakunja paji la uso, akaenda. Jioni Mrefu alimletea chakula, akainama kama anayeokota kijiko, akamnong'oneza, "Bibi, wanasafisha chumba kule nyuma. Wanasema ni chako."

Binti wa Mwalimu alirudi siku iliyofuata, safari hii na wakili, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Bwana Usijali hakuwepo, ameitwa kwenye mkutano. Wakili alikaa, akasema Mwalimu anapona polepole ila hatatembea tena kama zamani. Familia imedai fidia, na makao yamejibu kwamba hayahusiki na lolote.

"Wanasema nini hasa?" Mama Vifungo aliuliza.

Wakili akavaa miwani. "Wanasema chuma kilikuwa imara. Kengele ilikuwa inafanya kazi na mama hakuibonyeza. Wanasema alikuwa mkaidi, ameonywa mara nyingi asiingie peke yake, akakataa kusaidiwa kwa kiburi."

"Mwalimu? Mkaidi?" Mama Vifungo aliinuka kwa kiwiko. Alimwona tena mwenzake, mtu aliyeomba msamaha hata kwa kiti alichokigonga, akibonyeza kitu bubu mara mbili kabla ya kuhofia aibu. "Alibonyeza. Mimi nilikuwepo. Tuliita, hakuja mtu."

Alikuwa amekwisha kusema.

"Mwanangu wakili, nieleze kabla sijaendelea. Mle mwenye kosa ni nani? Maana mzee kuanguka ni jambo la kila siku."

"Ni kweli, na si kila anguko ni kosa la mtu," wakili alijibu. "Mzee akiteleza mahali palipotunzwa vizuri, hiyo ni ajali. Lakini makao yakikupokea, yamechukua wajibu wa kukulinda na hatari zinazojulikana. Chuma kimelegea, wameambiwa, wameacha. Kengele wamezizima wenyewe. Huo ni uzembe, na aliyeumia anadai fidia."

"Na zile karatasi? Mwanangu alitia saini bila kusoma."

"Hata binti huyu alitia. Kuna mstari unaosema makao hayatawajibika kwa majeraha. Mahakama haikubali mtu ajiandikie ruhusa ya kuwa mzembe."

Mama Vifungo alitazama mlango. "Nikisema, watanipeleka nyuma. Chumba kimeshasafishwa."

Wakili alivua miwani yake taratibu. Alisema atakwenda kwa hakimu siku hiyo hiyo, aombe amri kwamba shahidi asihamishwe wala asipimwe na daktari wa makao mpaka kesi iishe, na apimwe na daktari wa hospitali. Hakuweza kuahidi kwamba watu watamchekea. "Nitakuwa muongo nikikwambia hutaogopa," alisema.

Amri ilitolewa. Chumba cha nyuma kikabaki tupu, na daktari wa hospitali akaandika kwamba akili za mama ni timamu. Lakini siku zilizobaki kabla ya kesi zilikuwa ndefu kuliko mwaka. Wahudumu waliokuwa wakimtania sasa walimwosha kimya kimya. Wazee wenzake walihama meza aliyokaa, wakiogopa kuonekana naye. Bwana Usijali alimsalimu kila asubuhi kwa adabu ile ile, na hilo ndilo lililomsisimua damu.

Siku ya mahakama mwanawe alikuja kumchukua. Alikuwa ameacha mzigo kwa dereva mwingine. Alimsukuma mama yake kwenye kiti cha magurudumu mpaka ndani, akamwekea kanga mapajani. "Nipo hapa nyuma yako," alisema.

Mwalimu naye alikuwapo, amekonda, kiti chake kando ya binti yake.

Mama Vifungo alisimulia yote: chuma kilivyocheza, alivyomwambia Mrefu, kengele, kelele, kishindo. Sauti ilianza kama uzi, ikakaza. Ndipo wakili wa makao aliposimama, kijana mpole wa kusema.

"Mama, leo ni tarehe ngapi?"

Akafungua mdomo. Kichwani hapakuwa na kitu. Alitaja tarehe, na kutokana na mnong'ono uliopita nyuma yake alijua amekosea.

"Ni kweli umewahi kumwita mhudumu kwa jina la dada yako aliyefariki?"

"Ni kweli."

"Basi inawezekana hata chuma hicho umekichanganya?"

Ukumbi ukamzunguka. Aliona ule mlango unaofungwa kwa nje, aliona madirisha ya juu. Angeweza kusema inawezekana, yakaisha, akarudishwa kitandani. Alimtafuta Mwalimu kwa macho, akamwona amekaza midomo, jinsi alivyokuwa akifanya mtu akikosea sarufi.

"Mwanangu," alisema, "tarehe kule kwetu hakuna anayetuuliza, zote zinafanana. Na dada yangu nilimtaja kwa kuwa nilikuwa namkumbuka. Lakini chuma kile nilikishika kwa mkono huu, mwili wangu wote umekitegemea, nikaona nakufa. Naogopa kila siku kuingia mle. Nakuogopa hata wewe sasa hivi. Kitu kilichokutia hofu namna hiyo hukichanganyi na kingine."

Kijana alikaa.

Aliyemaliza kazi alikuwa Mrefu. Aliitwa na makao yenyewe aje aseme kwamba hakuna aliyelalamika. Alipanda kizimbani, akala kiapo, akaulizwa, naye akashika mbao kwa mikono miwili. "Bibi aliniambia," alisema huku machozi yanamtoka. "Nikamwambia msimamizi. Akasema nisijali." Nyuma ya ukumbi mtu mmoja alicheka bila kukusudia, kisha akajizuia. Bwana Usijali alikuwa anatazama viatu vyake.

Hakimu aliamua kwamba makao yaliijua hatari na kuiacha, kwamba kuzima kengele lilikuwa kosa juu ya kosa, na kwamba mzee kutojizuia kwenda haja si ukaidi. Yakaamriwa kumlipa Mwalimu fidia na matibabu, na wakaguzi wapite kila chumba. Bwana Usijali aliondolewa. Mrefu aliacha kazi mwenyewe kabla ya kuachishwa, akapata nyingine hospitalini.

Mwalimu hakurudi. Anaishi kwa binti yake, kwenye chumba cha nyuma ya saluni, akisahihisha lugha ya wateja. Dereva akipata nafasi humpeleka Mama Vifungo kumwona, nao hugombania dirisha kama zamani. Nyonga haikupona sawasawa, na kuna siku maumivu humtoa Mwalimu machozi katikati ya kicheko.

Yeye Mama Vifungo alibaki pale pale, kwa kuwa hakuwa na pengine. Msimamizi mpya ni mwanamke wa maneno machache. Wazee wamerudi mezani kwake. Hofu haijaisha, bado akisikia kitu kikianguka koridoni huganda, kijiko kinabaki hewani.

Juzi waliletewa mzee mpya wa kitanda cha pili, bibi mmoja asiyeona vizuri. Mwanawe, kijana aliyevaa shati la kazi, alipomaliza kupanga nguo kabatini alimsogelea Mama Vifungo akamnong'oneza asisikike na mama yake.

"Shikamoo, mama. Wewe uko hapa siku nyingi. Nikimwacha, hapa ni salama?"

"Marahaba." Alimtazama kwa muda, na mara hii hakutazama vifungo. "Sasa hivi kuna watu wanaokuja ukiita. Lakini usimwache na kwenda zako jumla. Njoo bila kuwaarifu kwamba unakuja. Ingia bafuni, shika kila kitu utakachoona anakishika, kivute kwa nguvu. Na karatasi walizokupa, umezisoma?"

Kijana akasema hajazisoma.

"Kazilete," Mama Vifungo alimwambia, akasogea kitandani kumpa nafasi ya kukaa. "Nisomee kwa sauti, macho yangu hayaoni tena herufi ndogo. Tutaanza ukurasa wa kwanza."